Kicheko Baada ya Kufa

Juni 9

Leo tumepiga picha ya kwanza. Nazi ya baraka imevunjwa mbele ya kamera, ikapasuka sawasawa, na kila mtu akashangilia. Mimi nikavitazama vile vifuu viwili nikajiambia: haya Nagaveni, sasa huna pa kukimbilia. Filamu mbili nilizotayarisha kabla ya hii zilizama. Hii ya tatu nayo ikizama, huko Bengaluru, mji wetu wa filamu, watanikumbuka kama yule mwigizaji wa zamani aliyejitia kufanya kazi ya watu.

Tumepanga nyumba kubwa ya mbao na vigae katikati ya shamba la mipopoo, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka mji wa Shivamogga. Mvua ndiyo tuliyoifuata huku. Hadithi yetu ni ya mama na binti wanaogombana ndani ya nyumba moja msimu mzima wa mvua mpaka mama anakufa. Mwishoni, miaka mingi baadaye, binti naye anakufa pale pale uani alipolazwa mama yake. Mama ni Neelavva. Binti ni mimi.

Nimeandika "binti naye anakufa" nikataka kuyafuta. Miaka thelathini na moja mbele ya kamera sijawahi kulala maiti. Nimeozwa mara hamsini, nimepofuka, nimenyweshwa sumu nikapona. Kufa, hapana. Nilikuwa nawaambia waongozaji kwamba mama yangu hapendi. Mama alifariki zamani, kisingizio kikabaki. Safari hii mwenye filamu ni mimi mwenyewe, na siwezi kujidanganya kwa kisingizio hicho.

Juni 10

Mvua.

Juni 11

Mvua. Ruba watatu, wote mguu wa kushoto. Kempamma, anayetupamba na kututunzia nguo, amewanyunyizia chumvi wakadondoka. Anasema ruba hupenda damu ya mtu mwenye wasiwasi. Nimemwambia anyamaze.

Juni 15

Neelavva amefika. Miaka sabini na tisa, na bado anashuka garini kama anaingia jukwaani. Huyu ndiye aliyeniokota nikiwa na miaka kumi na saba, katika kundi la maigizo lililokuwa likizunguka na mahema yake huko Gadag. Alinifundisha kusema, kulia, na kula haraka kabla pazia halijafunguliwa.

"Umekonda," aliniambia hata kabla ya salamu.

"Nimenenepa, Mama."

"Basi mwili umenenepa, uso umekonda. Nani anakutisha?"

Nikacheka nikamwambia hakuna. Wakati wa chai nikamuuliza kama haoni vibaya kucheza maiti kwa umri wake. Akaniangalia kama nimemtukana.

"We mtoto, mimi nimekufa mara ishirini na sita. Tisa kwa sumu, nne kisimani, na moja nililiwa na chui aliyekuwa na zipu mgongoni."

"Na huogopi?"

"Niogope nini? Unakufa, unaamka, unawachekea watu, unatiwa sukari guru mdomoni, unakwenda kula. Maiti asipocheka ndiyo hatari. Kifo kinakaa. Kinadhani kimealikwa."

Desturi hiyo naijua, nani asiyeijua? Mwigizaji akishacheza maiti, kazi haifungwi mpaka achekee kamera. Nimeiona ikifanywa mara mia, na kila mara nilisimama mbali.

Juni 21

Nimemgombeza Rachappa, mpiga picha wetu. Mtu wa Mandya, mkimya, tambuu shavuni kutwa. Mwongozaji anasema "kata" naye anaiacha kamera iendelee. Nimemwambia mbele ya watu kwamba kata ni kata.

"Uso wa mtu hupumzika baada ya kata, Dada," akasema. "Hapo ndipo ninapopenda kuutazama."

"Hatukukuleta huku uje upende."

Ametema tambuu yake nje ya ukumbi, taratibu. Nadhani ni mvivu anayejifanya mwanafalsafa.

Juni 24

Mvua. Nguo zinakaushwa juu ya moshi wa jiko, na sote tunanuka kama samaki wa kubanika.

Juni 28

Kwenye lenzi kumeota ukungu. Kwenye viatu kumeota ukungu. Kwenye daftari hili pia, pembeni hapa.

Julai 3

Nataka kuandika yote kama yalivyokuwa, kwa mpangilio, ili nijue nilikosea wapi.

Tulianza tukio la kifo saa nane mchana. Neelavva alilazwa sakafuni katika ua wa ndani, pale palipo wazi juu, amefunikwa shuka jeupe hadi kifuani. Chinmay, mwongozaji wetu, alitaka mvua ionekane ikimwagika kutoka kwenye vigae nyuma yake, kwa hiyo tulitandaza turubai juu yetu na kuacha pembe moja wazi. Mara mbili nililia vibaya tukarudia. Mara ya tatu nikalia kweli. Yule mama alikuwa amelala pale kinywa wazi kidogo, hapumui, ameifanya ngozi yake yote kuwa kitu kingine, nami nikasahau kamera nikapiga ukelele ambao sikuupanga. Chinmay akasema "kata" kwa sauti ya mtu anayemeza machozi.

Papo hapo turubai likazidiwa na maji. Likabonyea, likamwaga ndoo nzima upande wa taa. Kitu kikatoa cheche. Nikasikia sauti yangu ikipiga kelele, "Taa! Taa!" Nikanyakua mwamvuli nikaenda kuifunika taa kubwa mpaka izimwe. Kila mtu alikuwa amebeba kitu anakimbilia ukumbini. Rachappa aliivika kamera nailoni yake mpaka penye lenzi, akaiacha kwenye miguu yake mitatu na kuja kutusaidia. Chinmay akatangaza kazi imekwisha kwa leo.

Baadaye nilimkuta Neelavva jikoni, ameketi mbele ya moto, Kempamma anamfuta nywele. Alinitazama juu ya kikombe.

"Taa zako zimepona?"

"Zimepona, Mama."

"Tushukuru."

Tukala. Katikati ya chakula Kempamma akaweka mkate wake chini. "Dada, kicheko kilichukuliwa?"

Tukatazamana. Chinmay akajaribu utani: "Tutakichukua kesho. Kifo kitasubiri zamu yake." Hakuna aliyecheka. Neelavva hakuwepo, alikuwa ameshakwenda kulala mapema. Rachappa akasema alikuwa kwenye taa, hakuona kitu.

"Tumwamshe," Kempamma akasema. "Dakika moja tu."

Na hapa ndipo nilipokosea. Niliwaona wote wanaogopa, nami nilikuwa naogopa kuliko wote, nikaona aibu. Nikasema, "Hapa ni kazini, si kwa mganga. Mwacheni mzee apumzike."

Julai 4

Unyevu umeingia kwenye kamera na imepelekwa Bengaluru kusafishwa. Chinmay anasema tuchukue kicheko kwa simu. Kempamma anasema lazima iwe kamera ile ile, kwa sababu kifo kilimwona kwa jicho lile. Nilimwambia ni upuuzi, lakini kwa simu pia sikuchukua.

Neelavva ana mafua.

Julai 5

Mvua. Anakohoa.

Julai 6

Mvua. Anakohoa. Ukuta wangu na wake ni mmoja, nami nahesabu.

Julai 7

Kamera imerudi. Neelavva ana homa, hakuamka leo. Nilisimama mlangoni kwake kwa muda mrefu. Amelala chali, kinywa wazi kidogo, kama siku ile. Nikamwita. Akafungua jicho moja. "Bado," akasema, akalifumba. Sijui alimaanisha nini na sikuthubutu kumuuliza.

Julai 8

Mimi niliyesema hapa si kwa mganga leo nimegusa kizingiti mara tatu kabla ya kutoka. Jana nilikigusa mara moja.

Julai 10

Asubuhi kifua chake kilikuwa kinapiga mluzi. Midomo ilikuwa na rangi ya udongo. Tukamweka kwenye gari, na kilomita nne tu mbele tukakuta mti umelala barabarani, mizizi juu. Wanaume wakashuka na mashoka. Mimi nikabaki nimempakata kichwa. Maji yalikuwa yanapita chini ya gari na mvua ilikuwa inapiga bati la juu kiasi kwamba sikuweza kusikia kama anapumua. Niliweka kiganja puani mwake. Kila pumzi ilipochelewa nilianza kuhesabu: moja, mbili, tatu.

Nikamwomba Mungu. Nikasema, mpe siku mbili, siku mbili tu, sikuombi zaidi. Ndipo nikajisikia. Siku mbili ndizo alizobakiza kwenye ratiba ya filamu: lile tukio la kumwita binti yake kutoka mlangoni, na kurekodi sauti. Nilikuwa namwombea mtu aliyenilea uhai wa kutosha kumaliza kazi yangu.

Nikaomba tena, upya. Lakini la kwanza lilikuwa limeshatoka.

Mti ulikatwa baada ya saa moja na nusu. Tumefika Shivamogga adhuhuri. Nimonia, daktari amesema, mapafu yote mawili. Kempamma amebaki naye.

Julai 12

Mvua.

Julai 13

Mvua. Tunapiga matukio yangu ya peke yangu. Chinmay anasema uso wangu umekuwa mzuri sana kwa kazi hii. Natamani kumpiga kofi.

Julai 16

Kila simu ikilia nadhani ni Kempamma. Leo kweli alikuwa yeye, nikashindwa kupokea, nikampa Rachappa. Akasikiliza, akasema, "Yupo vilevile." Kisha akakaa nami kwenye ngazi mpaka chai yake ikapoa. Huenda nilimhukumu upesi.

Julai 19

Nimefanya jambo la kijinga. Nilimwomba Rachappa aichukue kamera ile ile twende hospitali. Hakuniuliza sababu. Njia nzima aliipakata kama mtoto.

Neelavva alikuwa ameegemezwa kwenye mito, mpira wa hewa puani. Amekuwa mdogo sana. Nikapiga magoti.

"Mama, nakuomba kitu kimoja. Chekea kamera. Kidogo tu. Siku ile tulisahau."

Akaitazama kamera, akanitazama mimi, na uso wake ukawa mkali kuliko nilivyowahi kuuona.

"Nilishacheka," akasema.

"Hapana, Mama. Turubai lilipomwaga maji, sote..."

"Nilishacheka. Wewe hukuwepo."

Kisha akageukia ukutani. Muuguzi akatuambia ni homa, wagonjwa kama huyu husema mengi. Kempamma alikuwa analia kwenye ushungi wake. Rachappa akafunga sanduku lake.

Amekataa kucheka. Amejua, na amekataa. Nimerudi nikiwa na baridi ya mifupani ambayo moto hauitoi.

Julai 22

Nimeota niko kwenye sakafu ile na siwezi kufungua macho.

Julai 23

Nimeota tena.

Julai 27

Nimemwambia Chinmay tuliondoe tukio langu la mwisho, binti asife. Akashangaa. "Madam, filamu nzima inakwenda pale. Bila hilo tuna nini? Wanawake wawili na mvua." Najua asemalo ni kweli. Nimemwambia nitafikiri. Sifikiri, naogopa tu. Nikilala pale, kile kilichokaa uani tangu tarehe tatu kitajua nimefika.

Julai 28

Mvua imekatika kwa saa moja. Ukimya wake ulinitisha zaidi.

Agosti 2

Kempamma anasema homa imeshuka. Neelavva amekunywa uji na kuutukana. Sikuthubutu kufurahi. Nimegusa kizingiti mara tisa.

Agosti 6

Leo mchana Rachappa amekuja mlangoni kwangu, na kwa mara ya kwanza hana tambuu mdomoni.

"Dada, kuna kitu uone. Na kosa ni langu. Siku ile sikuizima."

Alikuwa anapitia picha za tarehe tatu kuchagua zilizo bora. Mtu wa kuhifadhi picha alizinakili bila kuzitazama hadi mwisho. Baada ya "kata," kamera iliendelea.

Nimetazama. Naandika nilichokiona.

Neelavva amelala, shuka kifuani. Sauti ya Chinmay: kata. Ukelele wangu: taa, taa. Miguu inapita. Neelavva hajafungua macho. Anangoja. Ni mtu wa zamani wa kazi, anajua kwamba baada ya maiti mtu huja, humwinua na kumwambia acheke. Maji ya turubai yaliyogeuka njia yanaanza kumdondokea tumboni, kisha kifuani. Shuka linalowa na kumganda mwilini. Anaanza kutetemeka. Bado anangoja.

Mimi napita na mwamvuli. Nauruka mguu wake. Naisimamia taa na kuifunika, na kwenye picha naonekana vizuri kabisa, mgongo wangu, mwamvuli mweusi mpana unaotosha watu wawili, na chini ya mwamvuli kuna taa.

Dakika ya pili anafungua jicho moja. Anatazama huku na huku. "Veni?" ananiita. Si kwa sauti ya jukwaani, ni sauti ndogo. Sikumsikia. Dakika ya tatu anajaribu kuinuka, goti linakataa, analala tena. Dakika ya nne anaiona taa nyekundu ya kamera inawaka. Anaifikiria kidogo. Halafu anaichekea kwa kinywa chake chote chenye meno manne, huku midomo inatetemeka kwa baridi, anasema, "Haya basi, nimecheka mwenyewe." Ndipo Kempamma anaingia mbio na kanga ya kumfunika.

Kwa dakika moja nilipumua. Kicheko kipo! Kilichukuliwa, na kamera ile ile, siku ile ile. Hakuna kifo kilichoalikwa. Nusura nimkumbatie Rachappa.

Kisha nikakielewa nilichokiona. Mwezi mzima nimeogopa kitu kisichokuwepo, ili nisiogope kilichokuwepo. Mzee wa miaka sabini na tisa alilala kwenye maji ya baridi dakika nne na mwamvuli nilikuwa nao mimi. Nimonia haikutoka kwa mizimu. Na desturi ile, niliyoiita ya waganga, naijua leo ni ya nini: wazee waliiweka ili mtu yeyote aliyelala chini asisahauliwe pale, ili awepo wa kurudi kumwinua.

Nimemwomba Rachappa msamaha kwa maneno yangu ya mwezi Juni. Akasema ameshayasahau. Mwongo, lakini nimemshukuru.

Agosti 7

Nimekwenda hospitali bila kamera. Nikamwambia nimeona.

"Dakika nne," akasema. "Nilizihesabu."

"Nisamehe, Mama."

"Nilikufundisha kulia, kusema na kula. Kutazama nyuma nilidhani unajua."

Nilistahili. Nikamwambia nimelifuta tukio lake la mlangoni, hatafanya kazi tena, filamu itajikongoja bila hilo. Akakasirika mpaka akakohoa.

"Nani kakutuma ulifute?"

"Mimi ndiye mtayarishaji."

"Mtayarishaji wa taa," akasema. Lakini mkono wangu hakuuachia.

Agosti 14

Mvua, nyepesi. Sikugusa kizingiti. Nilikitamani.

Agosti 20

Neelavva ametoka hospitali. Daktari anataka akae pakavu, nimemtafutia chumba mjini. Amesema atakaa huko baada ya boga kuvunjwa, si kabla. Kwetu siku ya mwisho ya picha huvunjwa boga, na yeye hajawahi kuondoka kwenye kazi boga likiwa zima. Nimekataa. Amekuja.

Agosti 24

Leo tumemaliza.

Tukio la mwisho lilikuwa langu. Nywele zimetiwa mvi, shuka jeupe, sakafu ile ile. Turubai lilikuwa jipya na limefungwa vizuri, ila pembe ile ya Chinmay ilikuwa wazi kama kawaida. Neelavva aliketi kwenye kiti ukumbini, amevikwa mablanketi mawili. Nilipopita mbele yake nikasema, "Naogopa."

"Najua," akasema. "Tangu ukiwa na miaka kumi na saba. Nenda."

Nikalala. Sakafu ni baridi kuliko nilivyodhani. Nikafumba macho, nikaachia kinywa, nikazuia pumzi. Nikamsikia Chinmay akisema "anza," nikasikia mvua, na moyo wangu ukinigonga masikioni mpaka nikawa na hakika watu wote wanausikia. Kisha "kata."

Hakuna aliyekuja.

Nilijaribu kufungua macho yakagoma, kama kwenye ndoto. Nikasikia miguu ikisogea, ikienda mbali nami. Tone la maji likaniangukia shavuni, jingine shingoni. Nikaanza kuhesabu. Nilipofika arobaini nikawa nalia bila kusogeza uso. Sitini. Nikajua ndivyo ilivyokuwa kwake, ndivyo kabisa, na kwamba yeye alikuwa na baridi zaidi na uzee zaidi. Themanini. Nikataka kuita, na jina pekee nililokuwa nalo mdomoni lilikuwa lake.

Ndipo nikasikia mluzi mdogo wa kifua na fimbo ikigonga sakafu, polepole, polepole sana. Wote walikuwa wamempisha. Alikuwa amewakataza wasinisogelee, na kutoka ukumbini hadi uani, kwa mapafu yale, ni safari.

Matone yakakoma kuniangukia. Nikafungua macho. Alikuwa amesimama juu yangu na mwamvuli mweusi, anahema, mkono unamtetemeka kwa uzito wake.

"Cheka, mpumbavu wewe," akasema. "Nimechoka kusimama."

Nilijaribu. Kilichotoka nusu kilikuwa kilio, akasema kinafaa, akanitia sukari guru mdomoni kwa vidole vyake vya baridi. Nikaamka, nikauchukua mwamvuli, nikamfunika. Tulikwenda hivyo hadi ua wa mbele, boga likavunjwa. Rachappa alikuwa hajaizima kamera, wala sikumwambia aizime.